Usanisinuru hatua kwa hatua: ona mwenyewe jani linavyogeuza mwanga kuwa chakula

Pima kipande cha mti uliokauka vizuri. Karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kaboni hiyo, kabla haijawa mti, ilikuwa hewani. Mizizi haikuifyonza ardhini. Iliingia kupitia matundu madogo ya majani, ikaunganishwa kwa nguvu ya jua ikawa sukari, na sukari ikawa ubao. Wengi wetu tumeukariri mlinganyo wa usanisinuru shuleni na kuujibu kwenye mtihani, lakini tukiulizwa mti mzima umetoka wapi, tunaonyesha udongo.

Swali hilo lina umri mrefu. Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mwerebi wenye uzito wa kilo 2 na ushei kwenye chombo chenye takriban kilo 90 za udongo mkavu. Kwa miaka 5 akaunyweshea maji tu. Mwishoni mti ulikuwa na kilo zipatazo 77, na udongo, alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikuwa sahihi kuhusu udongo, ila hewa hakuifikiria kabisa.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye majaribio unayoweza kuyafanya nyumbani au darasani, na kila jaribio linakuonyesha sehemu moja ya kazi ya jani. Mlinganyo wenyewe ni huu:

6CO₂ + 6H₂O + mwanga → C₆H₁₂O₆ + 6O₂

Yaani molekuli 6 za kabonidioksidi na 6 za maji, kwa nguvu ya mwanga, zinatoa molekuli 1 ya glukosi na 6 za oksijeni. Usihangaike kuukariri. Ukimaliza majaribio utakuwa umeona kila herufi yake imetoka wapi.

Andaa vifaa

Tafuta mmea wenye majani mapana yasiyo manene, uliopandwa kwenye chungu ili uweze kuuhamisha. Maharage, viazi vitamu, alizeti na geraniamu vinafaa. Epuka jamii ya vitunguu, kwa kuwa majani yake huhifadhi sukari badala ya wanga, nawe utakuwa unatafuta wanga, yaani sukari ambayo jani limeiunganisha ili kuihifadhi. Majani manene yenye nta nayo yatakusumbua wakati wa kuyaondoa rangi.

Utahitaji pia iodini ya kahawia ya kupaka vidonda (ile isiyo na rangi haitafanya kazi), spiriti, bikabonati ya soda, sabuni ya maji, bomba la sindano la mililita 10 au 20 lisilo na sindano yake, karatasi ya alumini, glasi mbili zinazoonyesha ndani, sahani nyeupe na taa yenye mwanga mkali. Taa ya LED ni bora kwa sababu haitoi joto jingi, na utaona baadaye kwa nini joto linavuruga majibu.

Hatua ya 1: Tafuta mlango wa hewa

Chuma jani bichi lililokuwa juani, lisilo na maji juu yake. Litumbukize lote kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, kisha liangalie kwa karibu. Vipovu vidogo vitajitokeza juu ya ngozi ya jani, na kwa mimea mingi vitakuwa vingi zaidi upande wa chini kuliko upande wa juu. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya jani. Imepashwa joto, imetanuka, inatafuta njia ya kutokea, na njia iliyopo ni matundu yaitwayo stomata.

Kila tundu lina seli mbili za ulinzi pembeni. Zikijaa maji hupinda na kuacha nafasi katikati, na zikipungukiwa maji hulegea na tundu likafungika. Kwa mlango huo kabonidioksidi inaingia na mvuke wa maji unatoka. Hapo ndipo penye shida kubwa ya maisha ya mmea. Kabonidioksidi ni chache mno hewani, takriban asilimia 0.04 tu, kwa hiyo mmea hauna budi kuacha mlango wazi muda mrefu, na kwa kila molekuli moja ya kabonidioksidi inayoingia, mimea mingi hupoteza mamia ya molekuli za maji. Mmea wenye kiu hufunga matundu ili usife, na ukifunga matundu unakosa pia malighafi ya chakula. Mmea ulionyauka adhuhuri basi una shida mbili kwa wakati mmoja: maji yameuishia, na chakula hautengenezi.

Hatua ya 2: Ushindishe mmea njaa

Weka chungu kwenye kabati au chumba chenye giza totoro kwa saa 48. Usiache kumwagilia. Lengo ni mmea utumie wanga wote uliokuwa kwenye majani, ili wanga utakaoukuta baadaye uwe umetengenezwa chini ya macho yako. Ukiiruka hatua hii jaribio zima halina maana, maana hutajua wanga ni wa leo au wa juzi. Ukitaka uhakika, chuma jani moja mwisho wa saa hizo ulipime kwa njia iliyoelezwa kwenye hatua ya 4. Iodini ikikutana na wanga hugeuka nyeusi yenye ubuluu; jani likibaki na rangi ya kahawia ya iodini, mmea uko tayari.

Hatua ya 3: Funika sehemu, acha sehemu

Kata ukanda wa karatasi ya alumini, uzungushe kwenye jani moja ambalo bado liko kwenye mmea, ufunike juu na chini, na ubane kwa kibanio cha karatasi bila kulichubua jani. Ukipenda, toboa umbo kwenye alumini: nyota, herufi, chochote chenye kingo zinazoonekana wazi. Kisha toa mmea uuweke juani kwa saa 6 hivi. Jani jingine la mmea huohuo liache bila kufunikwa.

Hatua ya 4: Pima wanga

Hapa kuwa mwangalifu. Spiriti inashika moto upesi, na mvuke wake pia. Usiipashe kamwe juu ya jiko linalowaka, na watoto wasiifanye sehemu hii peke yao.

1. Chemsha maji. Tumbukiza jani lililofunikwa (ondoa alumini kwanza) kwa dakika moja. Seli zinakufa, kuta zake zinalegea, na kazi yoyote iliyokuwa ikiendelea inasimama papo hapo.
2. Zima jiko kabisa. Hakikisha hakuna moto mwingine karibu.
3. Weka jani kwenye chombo kidogo, mimina spiriti hadi lifunikwe, kisha simamisha chombo hicho ndani ya maji ya moto uliyoyaepua. Subiri dakika kama 10. Maji yakipoa kabla rangi haijatoka, yabadilishe kwa mengine ya moto.
4. Litoe jani kwa koleo. Litakuwa limekakamaa na linavunjika kirahisi. Lirudishe kwenye maji ya moto kwa sekunde chache lilainike.
5. Litandaze kwenye sahani nyeupe, udondoshee iodini iliyochanganywa na maji kidogo, usubiri.

Kwenye nambari 3 usiondoke. Spiriti inaanza kuwa ya kijani kibichi cha kung'aa, na jani linapauka taratibu kuanzia kingo hadi linabaki na rangi ya maziwa iliyofifia, mishipa yote ikionekana. Ile kijani iliyohamia kwenye spiriti ndiyo klorofili.

Kisha iodini. Mwanzoni jani lote ni la kahawia. Baada ya muda mfupi sehemu zilizopata mwanga zinaanza kuwa nyeusi yenye ubuluu, na sehemu iliyokuwa chini ya alumini inabaki kahawia, mpaka kati yao ukiwa mkali kama ulivyokata karatasi. Kama ulitoboa nyota, utaona nyota nyeusi. Wapo waliowahi kuweka negativu ya picha juu ya jani na kupata sura ya mtu iliyochorwa kwa wanga, kila kivuli kikiwa mahali pake. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Julius Sachs, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba wanga huu wa kwenye majani ni zao la mwanga. Mpaka huo mkali una fundisho lake: jani halikugawana mwanga. Kila eneo lilitengeneza wanga kwa mwanga uliolifikia lenyewe.

Hatua ya 5: Rudia kwa jani lenye mabaka

Tafuta mmea ambao majani yake ni ya kijani yenye mabaka meupe. Ushindishe gizani, uweke juani, lakini usifunike chochote. Kabla ya kuchemsha jani, lichore kwenye karatasi na uweke alama mahali mabaka yalipo, kwa sababu spiriti itaondoa kijani na hutajua tena nini kilikuwa wapi. Pima wanga kama mwanzo. Weusi utafuata mchoro wako wa kijani, na mabaka meupe, ingawa yalipigwa na jua lilelile kwa saa zilezile, yatabaki kahawia.

Kwa hiyo mwanga peke yake hautoshi. Lazima kuwe na kitu cha kuupokea.

Ndani ya jani kuna nini

Baada ya kuona hayo, sasa tuingie ndani. Seli za jani zina vyumba vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti, makumi kwa makumi katika seli moja. Ndani ya kloroplasti kuna utando uliokunjwakunjwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka, na kwenye utando huo ndiko klorofili ilikopachikwa.

Klorofili hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na kijani kingi hurudishwa au kupenya, ndiyo maana tunaona majani ni ya kijani. Mwaka 1882 Mjerumani Theodor Engelmann alilithibitisha hilo kwa njia ninayoiona kuwa mojawapo ya nzuri kupita zote katika sayansi ya mimea. Alichukua uzi mmoja wa mwani, akaumulika chini ya hadubini kwa mwanga uliogawanywa kuwa rangi mbalimbali na mche wa kioo ili kila sehemu ya uzi ipate rangi yake, kisha akaweka bakteria wanaopenda oksijeni. Bakteria walijazana kwenye nyekundu na kwenye buluu, na kwenye kijani wakawa wachache. Hakuhitaji kipimo cha oksijeni. Bakteria wenyewe walimwonyesha ilipo.

Chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikiigonga klorofili, nishati yake hupitishwa kutoka molekuli hadi molekuli mpaka kwenye kiini ambako elektroni inasukumwa na kuondoka. Klorofili iliyopoteza elektroni inaitaka nyingine kwa nguvu kubwa, na inaipata kwa kupasua maji. Kazi hiyo ya kupasua maji hufanywa na kifundo chenye atomi 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu. Molekuli 2 za maji zikipasuliwa, zinapatikana elektroni 4, protoni 4 na molekuli moja ya oksijeni. Mmea hauna haja na sehemu kubwa ya oksijeni hiyo, unaiachia. Hiyo ndiyo tunayoivuta sisi. Kwa kila molekuli ya oksijeni inayotoka, jani limetumia fotoni zisizopungua 8.

Zamani ilidhaniwa oksijeni inatokana na kabonidioksidi. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao nchini Marekani walitumia oksijeni nzito (yenye atomi zinazozidi uzito wa kawaida) kama alama, wakaiweka kwenye maji, na alama hiyo ikaonekana kwenye hewa iliyotoka. Oksijeni ni ya maji.

Elektroni zilizong'olewa husafiri kwenye utando, na njiani protoni zinasukumwa upande mmoja hadi zinarundikana. Zinaporudi, hupita kwenye kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli) kinachozunguka kwa msukumo wake, kama maji ya bwawa yanavyozungusha mtambo wa umeme, na mzunguko huo hutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati. Peter Mitchell, Mwingereza aliyependekeza wazo la kurundikana kwa protoni, alipingwa miaka mingi kabla ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Elektroni zenyewe zinapigwa na mwanga mara ya pili na kuishia kwenye mbebaji mwingine, NADPH. Mpaka hapa hakuna sukari hata kidogo. Kuna oksijeni iliyotoka, na wabebaji wawili wa nishati waliojazwa.

Awamu inayofuata inaitwa katika vitabu vingi "awamu ya giza", na jina hilo limepotosha wanafunzi wengi wakadhani inafanyika usiku. Haihitaji giza. Inategemea ATP na NADPH zinazotoka kwenye mwanga, na baadhi ya vimeng'enya vyake huamshwa na mwanga, kwa hiyo kwa mimea mingi hufanyika mchana. Afadhali kuiita mzunguko wa Calvin. Kimeng'enya kiitwacho rubisko kinashika kabonidioksidi na kuiunganisha na sukari yenye kaboni 5. Matokeo yanagawanyika kuwa molekuli mbili zenye kaboni 3 kila moja, ambazo ATP na NADPH huzipandisha kuwa sukari ndogo. Katika kila sukari ndogo 6, 5 zinarudishwa kuunda upya ile sukari ya kaboni 5, na 1 tu ndiyo faida. Kupata glukosi moja kunagharimu ATP 18 na NADPH 12.

Ramani hiyo ilichorwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham huko Berkeley, California, kwa kuulisha mwani kaboni-14 yenye mnunurisho na kuuua ndani ya alkoholi ya moto baada ya sekunde chache ili waone kaboni imefika wapi. Nobel ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake. Kazi ya Benson ilikuwa kubwa, na wengi leo huutaja mzunguko huo kwa majina yote mawili, jambo ninaloliona la haki.

Rubisko yenyewe ni ya polepole, hushika molekuli chache tu kwa sekunde, tena hukosea: mara nyingine hushika oksijeni badala ya kabonidioksidi, na mmea hulazimika kutumia nishati kurekebisha. Joto likipanda, makosa yanaongezeka. Mahindi, mtama na miwa vina njia ya kuikwepa hasara hiyo. Hukusanya kabonidioksidi kwanza kwenye seli za nje, kisha kuipeleka kwa wingi kwenye seli za ndani ilipo rubisko. Mananasi, mkonge na kakati hufungua matundu usiku, huhifadhi kabonidioksidi kama asidi, na mchana huitumia milango ikiwa imefungwa. Hii ndiyo mimea ambayo kauli ya "matundu hufunguka mchana" haiihusu.

Hatua ya 6: Fanya vipande vya jani vielee

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linakuonyesha usanisinuru ukitokea, dakika kwa dakika, bila kuchemsha chochote.

Koroga bikabonati ya soda kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai, kwenye mililita 300 za maji. Hii ndiyo itakayotoa kabonidioksidi. Ongeza tone moja la sabuni ya maji bila kutengeneza povu. Kwenye chombo kingine weka maji na sabuni pekee, bila bikabonati.

Kwa kitoboleo cha karatasi, toboa vipande 20 vya jani laini, kwa mfano la mchicha, ukiikwepa mishipa mikubwa. Weka 10 ndani ya bomba la sindano, rudisha kisukumio taratibu usivisage, kisha vuta mililita chache za maji yenye bikabonati. Elekeza bomba juu, sukuma hewa yote itoke. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, vuta kisukumio nyuma kwa nguvu, shikilia kama sekunde 10 huku ukitikisa, kisha achia. Utaona vipovu vikitoka kwenye kingo za vipande. Rudia mara mbili tatu hadi vyote vizame. Umeiondoa hewa iliyokuwa kwenye nafasi za ndani ya jani na kuijaza maji. Vingine 10 vifanyie hivyohivyo kwa maji yasiyo na bikabonati.

Mimina kila kundi kwenye glasi yake, weka glasi zote mbili chini ya taa kwa umbali uleule, na kila dakika andika ni vipande vingapi vimeelea. Kwa dakika chache za mwanzo hakutatokea kitu. Kisha kipande kimoja kitainua ukingo, kitasimama wima chini ya glasi, kitayumba, kitapanda. Oksijeni inajaa tena ndani yake. Kikifuata cha pili, vingine havichelewi. Kwenye glasi isiyo na bikabonati vingi vitabaki chini, au vitachelewa sana, kwa kukosa kabonidioksidi.

Vikishaelea vyote, funika glasi kwa alumini. Baada ya muda fungua: vitaanza kuzama. Jani ni kiumbe hai na linapumua kama sisi, mchana na usiku, likitumia oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Mchana wenye mwanga mwingi utengenezaji unazidi upumuaji, ndiyo maana tunaona oksijeni ikitoka. Gizani upumuaji unabaki peke yake. Wanaoogopa kulala chumbani na mmea wapumzike, kwani kiasi unachotumia usiku ni kidogo mno kulinganisha na mtu mmoja aliyelala kitandani.

Hatua ya 7: Sogeza taa, hesabu mapovu

Pata mmea wa majini, kama ule unaowekwa pamoja na samaki wa mapambo. Kata shina kwa mshazari, uuweke kichwa chini kwenye glasi ya maji yenye bikabonati kidogo, uiwashe taa kwa umbali wa sentimita 10. Subiri dakika 5 utulie, kisha hesabu mapovu yanayotoka kwenye mkato kwa dakika moja. Rudia kwa sentimita 20, halafu 40. Kila mara subiri kwanza. Daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, aliyaona mapovu haya mwaka 1779, akaona pia yanakoma gizani, na kwamba sehemu za kijani tu ndizo zinazoyatoa.

Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa taa ndogo unaofika hupungua hadi robo, siyo nusu. Mapovu hayatafuata hesabu hiyo kikamilifu, kwani ukubwa wake hutofautiana na ndani yake mna naitrojeni pia, lakini mwelekeo utaonekana. Ukiisogeza taa karibu sana utafika mahali ambapo mapovu hayaongezeki tena. Mwanga unatosha, kuna kitu kingine kinachobana, pengine kabonidioksidi, pengine kasi ya rubisko. Na kama taa yako ni ya joto, hutajua kama umebadilisha mwanga au joto. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, au hutakuwa na jibu.

Hatua ya 8: Lipeleke shambani

Frederick Blackman wa Uingereza aliliweka hili wazi mwaka 1905: kasi ya usanisinuru huamuliwa na kile kilichopungua zaidi. Kumwagilia mmea uliokosa mwanga hakuusaidii. Kuuwekea mbolea mmea wenye kiu hakuusaidii. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote, uliza ni nini kinachobana.

Mmea mrefu, mwembamba, ulioinama upande mmoja unatafuta mwanga: punguza matawi yanayoufunika au panda kwa nafasi kubwa zaidi. Majani yaliyonyauka mchana na kuinuka jioni yalifunga matundu saa za jua kali, basi mwagilia mapema asubuhi na funika udongo kwa nyasi kavu. Majani yenye vumbi jingi yafutwe, vumbi linakula mwanga. Rangi nayo inasema. Majani ya chini, yale ya zamani, yakiwa ya njano mazima, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Yakiwa ya njano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, shuku magnesi, ambayo ni atomi iliyo katikati ya kila molekuli ya klorofili. Dalili hiyohiyo ikianzia kwenye majani machanga juu, shuku chuma. Hiyo ndiyo kazi ya zile gramu chache alizozikosa van Helmont: si kuujenga mwili wa mmea, bali kutengeneza vifaa vya kuujengea.

Usitarajie ufanisi mkubwa hata ukifanya kila kitu sawa. Karibu nusu tu ya nishati ya jua iko kwenye mwanga ambao jani linaweza kuutumia, na baada ya hasara zote mazao mengi huhifadhi takriban asilimia 1, au chini yake, ya nishati iliyoangukia shamba.

Hatua ya 9: Jani la jioni na jani la alfajiri

Siku yenye jua zuri, chuma jani moja wakati jua linapozama, ulichemshe kwa dakika moja mara moja ili lisibadilike, ulihifadhi kwenye spiriti baridi iliyofunikwa, mbali na moto. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, chuma la pili kwenye mmea huohuo, la ukubwa na umri uleule, nalo ulichemshe. Yaondoe rangi yote mawili kwa pamoja, yalainishe, uyatandaze kwenye sahani moja na kuyadondoshea iodini.

La jioni litakuwa jeusi. La alfajiri litakuwa la kahawia, au na weusi hafifu tu. Wanga wa mchana umevunjwavunjwa usiku kucha kuwa sukari, ukalisha mizizi, ukakuza shina, ukaenda kwenye mbegu. Watafiti walioupima usiku mzima kwenye mimea midogo ya maabara wamekuta unatumika kwa kasi karibu isiyobadilika, na unakaribia kuisha alfajiri inapofika. Hata wakilileta giza mapema kuliko kawaida, mmea hupunguza kasi yake ya kuutumia ili ufike asubuhi.